Mwenye kufuli ni nani? Mafua makali, mwalo na mipaka ya amri ya serikali

"Shikamoo. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kimoja cha mwambao, kaskazini ya Kigoma mjini. Wiki mbili zilizopita watu wengi hapa waliugua mafua makali yenye homa na maumivu ya viungo, watoto kwa wazee, hadi zahanati ikajaa. Kikao chetu kikageuka mdahalo. Mwenyekiti anasema likija gonjwa kubwa lenyewe hiyo ni hali ya hatari, na kwenye hali ya hatari hakuna haki. Anataka tupitishe azimio: mwalo tunaposhushia samaki ufungwe, wanaotoka ng'ambo ya ziwa wazuiwe, nyumba yenye mgonjwa ipigwe kufuli siku 14, na atakayetoka akalale mahabusu. Mzee mmoja mvuvi akasimama akasema Katiba imempa uhuru wa kwenda atakako, kwa hiyo hata Rais hawezi kumzuia kwa sababu ya mafua. Kijana wetu mwalimu akasema wote wanapoteza muda, mambo haya huamuliwa na Shirika la Afya Duniani. Mimi nauza dagaa, mume wangu yuko ziwani, na ndani nina mama mgonjwa wa pumu. Nani kasema kweli? Na tukipitisha hilo la kufuli tutakuwa tumevunja sheria? Mkutano mkuu ni mwezi ujao."

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na mama, kwa sababu yeye hawezi kungoja mkutano mkuu. Mimi ni mwanasheria, si daktari, lakini hili madaktari hawabishani: mafua makali humwumiza zaidi mzee, mtoto mdogo, mjamzito, na mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au kinga iliyoshuka. Akianza kuhema kwa shida, kifua kikimbana, midomo ikibadilika rangi, akichanganyikiwa, au homa ikishuka kisha ikarudi kwa nguvu, msingoje kukuche. Mpelekeni zahanati, na zahanati ikisema jambo limeizidi, safari ya hospitali ya mkoa ya Maweni ianze siku hiyohiyo. Angalieni leo kama dawa yake ya kuvuta haijakaribia kuisha. Na shika hili kabla ya mengine yote: azimio la kijiji haliwezi kumfungia mgonjwa njia ya kwenda kutibiwa.

Sasa mdahalo wenu. Nimeusoma mara tatu, na naona kila mmoja ameshika kipande cha ukweli akakivuta mbali mno. Serikali inayo mamlaka ya kuwazuia watu wakati wa ugonjwa wa kuambukiza, na ni makubwa kuliko anavyodhani mzee mvuvi. Lakini kila mamlaka ina mwenyewe, ina sababu yake na ina siku ya mwisho, jambo ambalo mwenyekiti wenu hakulisema. Azimio la kufuli, kwa maneno uliyoniandikia, lisipite. Halina nguvu ya kisheria, na hata lingekuwa nayo lisingeyazuia mafua. Sababu hii ya pili ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa hiyo nitaitanguliza.

Tatizo la kwanza ni neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunaita mafua kila kinachotiririsha pua. Mtoto akipigwa na baridi ya asubuhi ni mafua, na ugonjwa ulioua mamilioni ya watu duniani mwaka 1918 nao tunauita mafua. Homa ya mafua ninayoizungumzia husababishwa na virusi vyake maalumu, hasa vya aina A na aina B, na humwangusha mtu ghafla: asubuhi mzima, jioni ana homa, kichwa kinagonga, viungo vinauma, kikohozi kikavu. Kila mwaka huzunguka, na wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili. Linalotisha ni pale virusi vya aina A vinapojibadili kiasi kwamba karibu watu wote hawana kinga navyo. Imetokea 1918, 1957, 1968 na 2009. Iliyo kijijini kwenu ni ipi? Haijulikani kwa kuitazama. Hujulikana sampuli zikipimwa maabara, na mwenye kazi ya kuzichukua ni mtu wa afya, si mwenyekiti. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kijiji ni kuhakikisha mganga wa zahanati amepeleka taarifa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kwamba wagonjwa wameongezeka kuliko kawaida. Kama bado, hiyo ni kazi ya kesho asubuhi.

Tutazame kufuli linavyofanya kazi mbele ya ugonjwa huu. Aliyeambukizwa homa ya mafua huanza kuugua baada ya siku moja hadi nne, mara nyingi siku ya pili. Huanza kuambukiza wengine yapata siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea kwa siku tano hadi saba hivi, watoto zaidi ya hapo. Hesabu mwenyewe. Jumatatu mtu yuko mwaloni anapokea dagaa, anacheka na wenzake, mzima kabisa, na tayari anaambukiza. Jumanne homa inampanda. Jumatano majirani wanasikia. Alhamisi mtendaji anafika na kufuli. Kufikia hapo walioambukizwa Jumatatu nao wameshaanza kuambukiza wengine, na hakuna hata mmoja wao aliye ndani ya nyumba ile. Hizo siku 14 nadhani mmezikumbuka kutoka wakati wa korona. Kwa homa ya mafua hazina msingi.

Najua mtaniambia mbona homa ya Marburg ilizimwa kule Kagera. Ni kweli, na jambo hilo si la mbali na ninyi, maana Biharamulo inapakana na mkoa wenu. Mwaka 2023 mlipuko ulitangazwa tarehe 21 Machi na kutangazwa kwisha tarehe 2 Juni, na ule wa Biharamulo wa 2025 ulidumu chini ya miezi miwili tangu kutangazwa. Waliokutana na wagonjwa walitafutwa mmoja mmoja na kufuatiliwa kwa siku 21. Lakini Marburg huambukiza mtu akiwa tayari mgonjwa, kwa kugusana na majimaji ya mwili, na hujichukulia siku nyingi kabla ya kumtokeza mgonjwa mwingine. Unapata muda wa kuitangulia. Homa ya mafua haikupi muda huo. Na kipindupindu cha Kagunga mwaka 2015, wakati makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walipokwama kwenye ule ufukwe mwembamba chini ya mlima, dawa yake ilikuwa maji salama, vyoo, dripu na meli ya Liemba ya kuwatoa pale. Kila ugonjwa una mlango wake wa kuingilia. Amri isiyojua mlango huo inawatesa watu bure.

Na kuna jambo jingine, hili nimelishuhudia. Miaka iliyopita nilikaa kwenye mkutano wa kijiji, si mbali sana na huko kwenu, ulioamua nyumba ya mgonjwa wa kuharisha iwekewe mlinzi mlangoni. Wiki iliyofuata hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyeripotiwa. Watu walifurahi. Kumbe wagonjwa walikuwepo, wamepelekwa usiku kwenye vibanda vya shambani, na mmoja alivushwa kwa mtumbwi. Hakuna aliyekuwa mkorofi. Walikuwa watu wenye watoto wa kulisha, wakifanya ambacho wewe na mimi tungefanya. Serikali huuona ugonjwa kwa macho ya wananchi wanaojitokeza wenyewe, na ukiwatisha unajifumba macho.

Turudi kwenye sheria, na kwa mwenyekiti. Neno "hali ya hatari" si la kutumia ovyo, kwa sababu lina ukurasa wake kwenye Katiba, ibara ya 32. Mwenye mamlaka ya kuitangaza ni Rais peke yake, kwa nchi nzima au sehemu yake. Mkuu wa mkoa hawezi, mkuu wa wilaya hawezi, na kijiji hakimo kabisa kwenye mazungumzo hayo. Katiba inaruhusu tu sheria iweke utaratibu wa viongozi wa eneo kumwomba Rais afanye hivyo. Vita na kuvunjika kwa amani vimo kwenye orodha ya sababu, na balaa linalotishia jamii au sehemu yake limo pia, kwa hiyo gonjwa kubwa la kweli linaweza kuingia. Lakini Rais akishatangaza, Bunge lazima liitwe ndani ya siku 14, na tangazo liungwe mkono na wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wote. Siku 14 zikipita bila azimio hilo, tangazo linakufa lenyewe. Likipitishwa lina miezi sita, na kuliongeza ni kurudi tena kwa theluthi mbili ileile. Bunge linaweza pia kulifuta wakati wowote kwa kura kiasi hicho.

Na haki je, hufutika? Ibara ya 31 inakubali kwamba sheria inaweza kuruhusu hatua zinazokwenda kinyume na haki ya kuishi na haki ya kuwa huru wakati wa hali ya hatari, lakini kwa kiasi tu ambacho hatua hizo ni za lazima na halali kuishughulikia hali yenyewe. Tena inasema wazi kwamba haitoi ruhusa ya kumnyima mtu uhai, isipokuwa vifo vitokanavyo na vita. Mahakama hazifungwi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania imeuridhia tangu 1984, hauna hata kifungu cha kusimamisha haki wakati wa dharura. Kwa hiyo yale maneno ya mwenyekiti, kwamba kwenye hali ya hatari hakuna haki, myaondoe kabisa kwenye mjadala wenu. Hayana mahali pa kusimama.

Isitoshe, hali ya hatari haihitajiki ili serikali ifanye kazi. Korona ilipoingia nchini Machi 2020, shule zilifungwa tarehe 17 mwezi huohuo, na hali ya hatari haikutangazwa wakati wowote wa janga lile. Zipo sheria za kila siku. Kuna Sheria ya Afya ya Umma ya 2009, inayowapa waziri wa afya na maofisa wa afya mamlaka juu ya magonjwa ya kuambukiza: kutaka yaripotiwe, kumtenga mgonjwa, kukagua na kutakasa majengo. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, yenye kamati zake hadi ngazi ya chini. Mzigo mkubwa hubebwa na hizo. Ndiyo maana mimi, ninapoulizwa kuhusu mamlaka ya dharura, sianzii Ikulu. Naanza na afisa afya wa kata, maana huyo ndiye utakayekutana naye mlangoni.

Kuhusu mahabusu. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya wana uwezo, chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Uwezo huo ni kwa mtu aliyetenda kosa la kukamatwa au anayehatarisha amani, sababu zinatakiwa kuandikwa, na mtu huyo afikishwe kwa hakimu. Saa 48 zikiisha bila hivyo, anaachiwa. Kuugua mafua si kosa. Kutoka nyumbani kutafuta unga si kosa pia, mpaka pawepo amri halali iliyotolewa na mwenye mamlaka na mtu akaikiuka kwa makusudi. Na mwenyekiti wa kijiji hamo kwenye sheria hiyo hata kwa kuazima.

Sasa mzee mvuvi. Mpe heshima yake, kwani kusimama mbele ya kikao kuitaja Katiba si jambo dogo. Ibara ya 17 kweli inampa uhuru wa kwenda atakako. Ila ibara hiyohiyo inakubali sheria iuwekee mipaka, na ibara ya 30 inaitaja afya ya jamii miongoni mwa sababu za kufanya hivyo. Mkumbushe 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika miezi mitatu, ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa. Yeye mwenyewe alivuta mtumbwi pwani. Iliuma, lakini hakuna aliyesema Katiba imekufa. Angalia amri ile ilivyokuwa: iko wazi imetoka wapi, inajulikana inalinda nini, ina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na watu walijulishwa mapema. Kama iliwatendea haki wenye kaya zilizokosa kipato, hilo ni swali la haki ambalo wavuvi wana kila sababu ya kuliuliza. Lakini kwa umbo lake ilikuwa amri, haikuwa ubabe. Azimio lenu la kufuli halina hata kimoja cha hivyo isipokuwa idadi ya siku, nayo imekosewa.

Kwa mwalimu wenu sina mengi. Shirika la Afya Duniani halina polisi wala mahakama nchini. Linatangaza, linashauri, na nchi huamua kwa sheria zake. Wajibu upo upande wa taarifa: chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, mtu mmoja tu akipatikana na aina mpya ya virusi vya homa ya mafua, nchi inatakiwa kulijulisha shirika hilo ndani ya saa 24 baada ya kulitathmini jambo. Mwaka 2009 lilitangaza dharura ya kimataifa ya homa iliyoitwa mafua ya nguruwe tarehe 25 Aprili na kuitangaza kwisha tarehe 10 Agosti 2010, na kila nchi ilifanya yake. Misri iliamuru nguruwe wote nchini wachinjwe, wapatao 300,000, ingawa shirika lilisema hakuna sababu ya kufanya hivyo, maana ugonjwa ulikuwa unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Walioumia ni maskini wa Cairo waliokuwa wakifuga nguruwe kwa mabaki ya takataka za mji. Nguruwe wakaisha, takataka zikajaa mitaani, na mafua yakaingia vilevile. Mimi nikisikia "wanaotoka ng'ambo wazuiwe" nawakumbuka wale wafugaji. Palipo na hofu, mtu wa pembeni ndiye hulipishwa.

Nakaa kidogo kwenye hili la ng'ambo, kwa sababu ndilo litakalowagawa. Mpaka wa ziwa si wa kijiji. Ni wa nchi, tena wa nchi nne, na wenye mamlaka nao ni uhamiaji na maofisa afya wa bandari. Kijiji kikiweka vijana ufukweni kuwarudisha Wakongomani na Warundi, kimejitwalia kazi isiyo yake, na kimegusa ibara ya 13 inayokataza ubaguzi. Je, kufunga kungesaidia? Papo mahali kulipofaa. Mwaka 1918 Samoa iliyokuwa chini ya Marekani iliziweka meli zote kwenye karantini kali, na haikupoteza mtu kwa ugonjwa ule. Samoa jirani yake, iliyokuwa chini ya New Zealand, iliipokea meli ya Talune tarehe 7 Novemba, na takriban mtu mmoja kati ya watano akafa. Ni kisa cha kutisha, na sikufichi kwamba kinaipa nguvu hoja ya mwenyekiti. Lakini kile ni kisiwa katikati ya bahari, na meli zilihesabika kwa vidole. Ninyi mna mamia ya mitumbwi, maduka ya pande zote yanategemeana, na watu wana wake na wajomba upande wa pili. Njia ya halali ikifungwa, ya usiku itabaki wazi, na anayepita usiku hapimwi wala haulizwi hali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 kuhusu homa ya mafua haukupendekeza kufunga mipaka, wala karantini kwa waliokutana tu na mgonjwa. Ulichopendekeza ni mgonjwa mwenyewe kukaa nyumbani kwa hiari.

Na sisi watu wa magharibi tuna kumbukumbu yetu ya mamlaka kwa jina la afya. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa Buha na Unyamwezi kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Mbung'o alikuwepo kweli na watu walikufa kweli. Lakini waliohamishwa waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao bila kuulizwa. Ndiyo maana mzee akisikia kwamba serikali imesema kwa ajili ya afya, huwa na neno la kuuliza, na mimi sioni ubaya wa swali lake.

Upande wa pili nao usiachwe. Mamlaka yanaweza kudhuru kwa kunyamaza pia. Ule ugonjwa wa 1918 uliitwa homa ya Hispania kwa sababu magazeti ya Hispania, nchi isiyokuwa vitani, ndiyo yaliyouandika waziwazi wakati nchi zilizopigana zilificha. Hapa kwetu, baada ya mwanzo wa Mei 2020, takwimu za korona zilisimama kutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hatukufungiwa ndani kama majirani zetu, na wengi walishukuru kwa sababu mkono uliendelea kwenda kinywani. Lakini mama kama wako, mwenye pumu, alihitaji kujua ugonjwa uko wapi ili ajilinde, na hakujua. Kwa hiyo sikubaliani na anayesema amri chache ni uhuru tosha. Serikali ikikosa kukueleza hatari iliyo mbele yako, imekunyima nafasi ya kuamua, na huo nao ni mzigo kwa raia.

Mahakama za jirani zimetusaidia kuona mpaka ulipo. Kenya, Aprili 2020, Mahakama Kuu ilikubali kwamba amri ya kutotoka usiku ilikuwa halali, ila ikasema nguvu walizotumia polisi kuitekeleza zilivunja Katiba. Malawi, mwezi huohuo, mahakama ilisimamisha amri ya siku 21 ya watu kukaa ndani, na hoja kubwa ya waliolalamika ilikuwa kwamba serikali haikueleza maskini watakula nini. Hukumu hizo hazizibani mahakama zetu. Lakini zinatufundisha kuuliza swali la chakula mapema, kabla hatujafika kwenye swali la kufuli.

Kuhusu kijiji chenyewe. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, na watu wengi hawalijui hilo. Rasimu hujadiliwa na wananchi kwenye mkutano, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kabla ya idhini hiyo, mlichonacho ni makubaliano. Makubaliano yana nguvu ya aibu na ya ujirani, na wakati mwingine hiyo hutosha, lakini hayampeleki mtu ndani wala hayamtozi faini. Mtu akifungiwa nyumbani mwake kwa azimio hilo, waliofunga ndio watakaosimama mbele ya hakimu, na wewe kama mjumbe uliyenyosha mkono umo. Ukiona linapita, omba jina lako na upinzani wako viandikwe kwenye muhtasari.

Ungekuwa mkutano wangu, ningependekeza hivi. Mgonjwa akae nyumbani kwa hiari, siku saba hivi tangu aanze kuugua au zaidi kidogo kama homa bado ipo, na kijiji kimpe sababu ya kukubali: zamu ya kumchotea maji, mtu wa kumwanikia dagaa wake ili wasioze, unga kutoka mfuko wa kijiji au wa kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Hilo la dagaa halionekani kubwa, lakini wewe unajua: anayejua mzigo wake utaharibika hatalala ndani hata ukimwekea askari. Mwalo nisingeufunga. Pale kuna upepo na uwazi, na virusi hivi hupendelea chumba kilichofungwa chenye watu waliobanana. Ningeanza na vibanda vya video, kisha boti za abiria, zipunguze watu na waketi kwa nafasi. Kufunga shule ni uamuzi wa wenye mamlaka ya elimu na afya, si wenu, na faida yake huonekana kukifanyika mapema, ugonjwa ukiwa mkali, na kwa muda mfupi. Nina shaka nako kwa mafua ya kawaida, maana mtoto aliyerudishwa nyumbani huachiwa bibi, na bibi ndiye tunayemlinda. Misibani ndiko kugumu. Siwezi kuwaambia msizikane. Mnaweza kukubaliana matanga yakae nje, uwanjani, na mwenye kikohozi atume rambirambi.

Anayetoka ng'ambo apokelewe, aulizwe hali yake, na akiwa mgonjwa aonyeshwe zahanati. Hapo mmepata taarifa ambayo kufuli lisingewapa.

Likija gonjwa kubwa na amri ikatoka juu, muitii, na mkiwa mnaitii muulize: aliyeitoa ni nani na kwa sheria gani, inaziba njia ipi ya ugonjwa, inakwisha lini, asiye na akiba atakula nini, na aliyeonewa aende wapi. Kiongozi mwenye majibu hakasiriki akiulizwa hayo. Aliyeonewa anayo Mahakama Kuu chini ya ibara ya 30, na siku hizi ina masjala Kigoma, si lazima safari ya Tabora kama zamani. Ila ajue kwamba marekebisho ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe jambo limemgusa yeye mwenyewe; aulize kwanza kama sharti hilo bado lipo. Kuna pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo kupeleka malalamiko kwake ni bure.

Haya niliyoandika hayatoshi kupeleka mkutanoni. Kabla ya mwezi ujao, wewe na mtendaji wa kijiji nendeni kwa mwanasheria wa halmashauri ya wilaya mkiwa na rasimu mkononi, na siku hiyohiyo mpite kwa Mganga Mkuu wa Wilaya mkiwa na hesabu ya wagonjwa kwa wiki kutoka kwenye daftari la zahanati, bila majina. Kama kuna nyumba imeshafungwa sasa hivi, msingoje hata siku moja: mtafuteni msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa wilayani kwenu, huduma yao ni ya bure kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na pigeni 199 ya Wizara ya Afya kueleza kuna mgonjwa aliyezuiwa kutoka. Na lile pendekezo la boti za abiria, mwombeni mzee mvuvi alisome yeye mwenyewe siku ya mkutano.